Walijenga Wapi na kwa Nini: Historia ya Kuchagua Mahali pa Kukaa Tongoni



Mlionizoea katika kijitabu hiki mnanijua kwa ukurasa mmoja tu, ule wa mapato na matumizi. Mwaka huu ukurasa huo upo kama kawaida, huko nyuma. Lakini kamati imeniomba niandike na historia kidogo, na najua wengine mtacheka: mhasibu na historia wapi na wapi? Sababu ni malipo mamoja, na aliyeweka saini ni mimi.

Januari ya mwaka jana tulikwenda kuangalia eneo la kununua, kwa ajili ya nyumba za walimu na muuguzi, na viwanja vya wanachama wanaotaka kurudi kujenga kwao. Kaskazi ilikuwa inavuma, ardhi kavu, imenyooka kama mkeka, barabara iko hapo hapo. Bei ilikuwa ya kirafiki. Tulizunguka nusu saa, tukapiga picha, tukanywa madafu, tukarudi. Wiki iliyofuata nikatoa malipo ya awali. Mwezi wa Mei nilirudi nyumbani kwenye mazishi, nikasema nipite nikaone mali yetu. Maji yalinifika juu ya vifundo vya miguu, na watoto walikuwa wanavua kambare mahali ambapo kwenye mchoro wetu pameandikwa "nyumba ya mwalimu mkuu". Bibi mmoja aliyekuwa anapita na kuni akanitazama, akasema, "Hapo si pa kujenga, baba. Hapo ni pa mpunga."

Tungemuuliza yeye Januari, angetuambia bure. Muuzaji alirudisha nusu ya fedha. Nusu nyingine mtaiona kwenye hesabu, na sikuificha chini ya jina la "gharama mbalimbali". Imeandikwa hasara.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza wazee, na kusoma ninachokipata, kuhusu jambo moja: watu wa kwetu, kwa karne zote hizi, walichaguaje mahali pa kujenga?

Tuanze na jina letu, maana limebeba habari yenyewe. Tongo ni mahali palipokaliwa na watu kisha pakahamwa. Wengine husema mahame. Tongoni basi ni kwenye mahame. Sisi tunaishi katika mji ambao jina lake linasema kwamba kulikuwa na mji mwingine kabla. Mji huo wa kwanza ulikuwa Mtangata, jina ambalo bado limo katika lahaja yetu, Kimtang'ata. Ulistawi katika karne ya 14 na ya 15, na alama zake ni msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi yanayozidi arobaini, mengi yakiwa na nguzo. Wataalamu wanasema hakuna mahali pengine katika pwani yote ya Afrika Mashariki penye makaburi ya nguzo mengi kiasi hicho pamoja. Sisi tuliokulia pale tulikuwa tunacheza kombolela kati yake.

Mgeni akitembelea magofu anadhani mji ulikuwa ni msikiti na makaburi tu. Sivyo. Watu wa kawaida waliishi katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, kama za babu zetu, na nyumba hizo haziachi gofu. Mawe na chokaa vilikuwa vya Mungu, vya marehemu na vya wenye uwezo. Kwa hiyo tukitaka kujua kwa nini walikaa pale, tusiangalie kuta peke yake. Tuangalie mahali penyewe.

Mbele ya Tongoni kuna mwamba. Vasco da Gama aliujua kwa shida: Aprili 1498, akielekea Mombasa, jahazi lake mojawapo, São Rafael, lilikwama kwenye mafungu yaliyo mbele ya pwani yetu. Walipokuwa wamekwama, watu wa pwani waliwafuata na vyombo vidogo, kimoja kimejaa machungwa, na mwandishi wa safari ile aliandika kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno. (Wenzetu wa Muheza wasivimbe kichwa, machungwa yalianza zamani.) Maji yalipojaa jahazi likaelea. Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, mabaharia wengi wakiwa wamekufa kwa ugonjwa, walilichoma moto jahazi hilo hilo karibu na hapo hapo kwa kukosa watu wa kuliendesha. Katika siku zile watu wa mji, ambao mwandishi anauita Tamugata, waliwaletea kuku wengi, wakabadilishana kwa mashati na bangili.

Mwamba uliomkwamisha mgeni ndio uliomlinda mwenyeji. Nyuma ya mwamba bahari hutulia, ngalawa hulala salama, na nyangumi wa mawimbi hafiki ufukweni. Ukiingia kwa mlango unaoujua wewe, uko nyumbani, asiyeujua anakwama. Mikoko ilikuwa karibu, ikitoa boriti za kuezekea na kuni za kuchomea chokaa. Matumbawe yalikuwa karibu pia. Na muhimu kuliko yote, palikuwa na maji ya kunywa.

Nataka nikae kidogo kwenye maji, maana hapo ndipo watu wa mjini tunapokosea. Pwani, maji ya mvua yanayozama ardhini hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari. Ni kama samli juu ya mchuzi. Kisima cha zamani kilichimbwa kifupi, kikachotwa kwa kata au ndoo, kidogo kidogo, na maji matamu yakapata muda wa kujirudi. Ukichimba kirefu, au ukaweka mota ikavuta mchana kutwa, unaimaliza samli na kuanza kunywa mchuzi. Visima vingi vya pwani vimeharibika hivyo mikononi mwa watu waliodhani wanaviboresha. Wazee waliochagua mahali pa mji waliijua siri hii bila kuisoma: walionja maji mwishoni mwa kaskazi, kabla ya masika, wakati kisima kiko chini kabisa. Kisima kikiwa kitamu Februari na Machi, ni kitamu mwaka mzima. Sisi kamati Januari hatukuonja chochote isipokuwa madafu.

Mji wa Mtangata ulidhoofika baada ya Wareno kuvuruga biashara ya pwani, kisha ukahamwa. Halafu, mwishoni mwa karne ya 18, walikuja watu waliokimbia Kilwa. Simulizi linasema walipafikia hapo kwenye magofu, wakapaita Sitahabu, na jina hilo linaelezwa kuwa na maana ya "bora hapa kuliko kule". Kwangu mimi hiyo ndiyo tathmini ya kwanza ya makazi iliyohifadhiwa Tongoni. Watu hao hawakuwa na ramani wala mpima, lakini walikuwa na kitu cha kulinganisha: walijua walikotoka, na waliona hapa pana visima vilivyokwisha kuchimbwa, makaburi yanayoonyesha kuwa watu waliishi na kuzeeka, na bandari ya ngalawa. Mahali ambapo watu waliweza kukaa mpaka wakazikana ni mahali palipokwisha kufanyiwa majaribio.

Richard Burton, msafiri Mwingereza, alipita mwaka 1857 akayaona magofu yakiwa tayari ni magofu. Alitaja kigae chenye maandishi ya Kiajemi kilichokuwa kimepachikwa kwenye kaburi mojawapo. Kigae hicho leo hakipo. Hata mabakuli ya kaure yaliyopambwa kwenye nguzo yameondoka, yamebaki mashimo yake. Kinachoendelea kuondoka sasa ni ardhi yenyewe. Bahari imesogea, mikoko ilikatwa kwa miaka mingi, na maji ya bamvua yanapanda mahali ambapo wazee wanasema hayakuwa yanafika. Tangu mwaka 1994 mradi wa hifadhi ya ukanda wa pwani wa Tanga ulijaribu kurudisha mikoko pamoja na vijiji vya pwani, na baadhi yenu mlishika miche ile kwa mikono yenu. Lakini mtu anayetaka kujenga leo asipime ufuko wa leo tu. Aulize ulikuwa wapi wakati wa baba yake.

Wajerumani na Waingereza nitawapitia haraka, ingawa deni lao ni kubwa. Amri ya Kijerumani ya 1895 ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na mwenye kuamua kama ina mwenyewe alikuwa ni yeye Mjerumani. Ardhi iliyoachwa ipumzike, mahame, malisho na misitu ya kuni vikahesabiwa havina mtu. Mkonge ulikuwa umekwisha kufika: Dakta Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na miche 62 iliyosalimika ikaoteshwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani, si mbali na kwetu. Kutoka miche hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoenea mkoa mzima. Mashamba hayo yalichagua ardhi ya juu, isiyotuama maji, karibu na njia. Kambi za manamba ziliwekwa palipobaki. Waingereza kwa sheria ya ardhi ya 1923 waliitangaza ardhi yote kuwa ya umma, na marekebisho ya 1928 yakatambua ukaaji wa mwenyeji kwa mila yake, lakini bila karatasi. Hapo ndipo tulipozoea kusema "shamba langu linaanzia kwenye ule mwembe".

Mwembe, mnazi na mkorosho ndiyo hati yetu ya zamani, na ni hati yenye utata. Kwa mila ya pwani mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ya mtu mwingine. Mjomba alikaribishwa, akapanda minazi ishirini, akafa. Minazi ni ya wanawe, ardhi ni ya aliyemkaribisha. Wote wawili wana haki, na anayekuja kununua anakutana na mmoja tu, yule aliye na haraka ya fedha. Ongeza mirathi. Mzee amefariki mwaka 1985, mali haikugawanywa, mashangazi wana mafungu yao na wengine wameolewa Pemba. Kijana mmoja anasema "shamba la baba" na anauza. Kwa macho ya mhasibu huyo anauza hisa za kampuni nzima wakati yeye ana hisa chache tu.

Sasa nifike mahali panaponigusa mwenyewe.

Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Azimio la Arusha la 1967 na maandiko yaliyofuata yalikuwa yanashawishi. Baada ya tangazo hili watu walihamishwa. Operesheni Vijiji ilifika kwetu mwaka 1974. Mimi sikuwa nimezaliwa. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, alikuwa msichana mkubwa, na habari hii nimeipata kwake, si vitabuni.

Familia yetu ilikuwa inakaa juu, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu kutoka barabara ya Pangani. Palikuwa na kisima kilichochimbwa na babu yake babu, minazi, miembe miwili, na makaburi upande wa machweo. Wakaja viongozi na mgambo, wakasema kila mtu ashuke barabarani ndipo serikali itaweza kuleta shule, zahanati na maji. Makuti yalivuliwa siku hiyo hiyo ili mtu asirudi. Kando ya barabara zilikuwa zimekwisha kupigwa mambo kwa mstari mnyoofu, nyumba kwa nyumba. Nilimuuliza shangazi: aliyepachagua alikuja na wazee? Akacheka. "Alikuja na gari."

Shule ilikuja kweli, tusidhulumu historia. Mimi nimesoma katika matunda ya shule ile. Lakini kisima kilichochimbwa barabarani kilikuwa cha maji machungu, na kwa miaka mitatu wanawake wa mstari ule walipanda kila alfajiri kurudi kuchota kwenye kisima cha mahame. Ardhi iliyokuwa karibu na nyumba ilikuwa ya bondeni. Vyoo vilijaa masika. Hayakutokea kwetu peke yetu, yalitokea sehemu nyingi za nchi: mahali pa kijiji palichaguliwa kwa kigezo kimoja, barabara, kwa sababu anayechagua alipita kwa barabara.

Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ikavipa vijiji hivyo nguvu ya kisheria. Mahame yetu yakagawiwa watu wengine, nao wakapanda na kujenga, na wala si wezi. Waliambiwa ni pao. Miaka ya themanini watu wakaanza kufungua kesi kudai ardhi za zamani. Bunge likapitisha sheria mwaka 1992 ya kufuta haki hizo za kimila, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Akonaay na Lohay, ikasema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na mtu haondolewi bila fidia. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Kifungu chake cha 15 kilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya 1970 na 1977. Kwa lugha ya nyumbani: aliyepewa wakati wa operesheni amepewa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kila eneo tunaloonyeshwa leo lina tabaka hizi. Kuna aliyezika hapo kabla ya 1974, kuna aliyepewa 1974, kuna aliyepanda minazi, na kuna anayeuza.

Na wauzaji ni wengi sasa, kwa sababu wanunuzi ni wengi. Tanga ilipandishwa kuwa Jiji mwaka 2005 na kata yetu imo ndani ya mipaka yake, ingawa kuku wetu hawajaambiwa. Barabara ya Tanga hadi Pangani, kilomita 50, inawekwa lami. Upande wa kaskazini, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, na bei za viwanja huko zilipanda kabla bomba halijaonekana. Watu kutoka Dar es Salaam na Arusha wanakuja na magari Jumamosi, wanauliza "ekari ya ufukweni bei gani?"

Hapa niruhusuni kazi yangu. Kwetu ekari ni hatua 70 kwa 70. Ekari ya kweli ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wa mita 63.6 kila upande. Ili hatua 70 zifike hapo, kila hatua iwe ya sentimita 91, hatua ya mtu mrefu asiye na wasiwasi. Muuzaji mwenye hatua ya sentimita 75 anakupa mraba wa mita 52.5, ambao ni mita za mraba 2,756. Umelipa ekari, umepata chini ya robo tatu yake. Sikumbuki kumwona muuzaji mwenye hatua ndefu.

Ufukweni hesabu ni mbaya zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari. Chukua ekari ya kweli, mita 63.6, inayoanzia kwenye ufuko. Toa 60. Umebaki na mita tatu na nusu za kujengea: banda la kuku, na jogoo asimame nje. Na hiyo ni mbali na magofu, ambayo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na mbali na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009.

Hata ardhi nzuri ya bara haitoi viwanja vingi kama tunavyodhani. Ukiondoa karibu asilimia 30 ya ekari kwa njia na maeneo ya wazi, unabaki na mita za mraba 2,833. Kwa viwanja vya mita 20 kwa 20 hivyo ni viwanja saba. Mwenzetu aliyesimama kwenye mkutano wa mwaka jana akasema ekari moja inatosha wanachama kumi na wawili, nampenda, lakini watano wangelala barabarani. Na kila nyumba inataka choo, na choo kikae mita 30 kutoka kisima kama inavyoshauriwa. Bila mchoro, choo cha mwalimu kitakuwa mgongoni kwa kisima cha muuguzi.

Sasa maeneo yetu. La kwanza ni lile la kambare. Nashauri tuliache kabisa, hata kama muuzaji anasema atajaza kifusi. Kifusi ni gharama ya kila mwaka, na maji yanakumbuka njia yao.

La pili ni la ufukweni, ambalo mwenzetu mmoja mwema amejitolea kulitoa bure. Tumshukuru, na tumweleze kwa adabu hesabu ya mita tatu na nusu. Linafaa kupandwa mikoko na kuwekwa banda la wavuvi lisilo la kudumu. Kitu cha bure kinachokuja kubomolewa ni ghali.

La tatu liko juu. Ardhi ya kichanga chekundu, haituami, kisima kipo na kinanyweka. Mwezi wa Februari mwaka huu nilikwenda na vijana wawili, tukachimba mashimo matatu ya urefu wa mtu, tukayaona ni makavu hadi chini, na tukaonja maji. Ni matamu. Kwa vipimo vyote vya wazee, hapo ndipo.

Lakini hapo ni mahame yetu. Ni pale pale alipovuliwa makuti babu yangu. Mimi ni mweka hazina wa chama hiki, na natangaza mbele yenu kwamba nina uhusiano na eneo hilo, kwa hiyo katika kikao cha kupitisha sitapiga kura wala sitatia saini. Familia yangu haidai kitu. Kisheria ardhi ni ya waliopewa na kwa miaka hamsini wameitunza. Nilikwenda kwa mzee wao, nikamwamkia, tukaketi. Alinionyesha makaburi upande wa machweo. Wamekuwa wakiyafyeka kila mwaka kabla ya Ramadhani, makaburi ya watu wasio wao. Alisema wako tayari kuzungumza na chama kuhusu upande wa mashariki, si wa makaburi, kwa masharti kwamba wanawe wote wakae kikaoni, wakiwemo mabinti, na minazi ihesabiwe mmoja mmoja na jina la mwenyewe.

Nimewahi kukagua hesabu za mashirika makubwa ambayo hayakunieleza masharti yake vizuri namna hiyo.

Kwa hiyo michango ya mwaka huu kamati inaomba igawanywe kwa mpangilio tofauti na uliozoeleka. Sehemu ya kwanza isiende kwenye kununua. Iende kwenye kujua: ofisi ya ardhi ya Jiji ituambie eneo limo katika mpango gani, mpima aliyesajiliwa apime na kuweka mawe ya mipaka, wenye minazi waorodheshwe, wanafamilia wote wa wauzaji wasikilizwe, na mipaka ya makaburi ichorwe kwenye ramani kabla ya njia yoyote. Sehemu hiyo haitaonekana kwa macho. Hakutakuwa na tofali la kupiga nalo picha mwaka huu, na najua mchangishaji hapendi kusikia hivyo.

Ziara ya kamati itakuwa katikati ya Aprili, mvua ikiwa imekolea, si Januari. Njooni na mabuti. Yule bibi wa kuni amekubali kutangulia. Na yeyote mwenye mzee anayekumbuka nani amezikwa upande ule wa machweo, hasa kaburi dogo lililo chini ya mwembe wa pili ambalo hata shangazi hana jina lake, tafadhali amlete, au atuletee jina.